Hazina Zilipokauka: Mexico, Tanzania na Asia ya Mashariki

Katikati ya mwezi wa Agosti mwaka 1982, Jesús Silva Herzog, waziri wa fedha wa Mexico, alifika Washington kuwaarifu wakuu wa Hazina ya Marekani, wa Benki Kuu ya nchi hiyo na wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwamba dola zilizokuwa katika akiba ya serikali yake zimekwisha, na kwamba deni la nje, ambalo wakati ule lilikuwa takriban dola bilioni 80, haliwezi kulipwa kwa miadi iliyoandikwa. Nchi iliyotoa kauli hiyo haikuwa fukara. Ilikuwa na mafuta tele chini ya bahari ya Campeche, ilikuwa na viwanda na mashamba, na kwa miaka kadhaa uchumi wake ulikuwa umekua kwa kasi iliyowafanya wakopeshaji kupigana vikumbo mlangoni mwa wizara ile ile ambayo waziri wake sasa alikuwa amekuja mikono mitupu.

Waliopokea habari hiyo hawakupata nafasi ya kuuliza nani mwenye kosa. Mabenki tisa makubwa kuliko yote ya Marekani yalikuwa yamezikopesha nchi za Amerika ya Kilatini fedha zilizopita mtaji wao wote, na lau Mexico ingalitangaza hadharani kwamba imefilisika, na Brazil na Argentina zikaifuata, nyumba kubwa za fedha za New York zingalianguka pamoja nayo. Kwa hiyo kabla ya juma kwisha Marekani ilikubali kulipa dola bilioni moja kwa mafuta ambayo yalikuwa bado kuchimbwa, ikatoa mkopo wa kununulia nafaka, mabenki makuu ya nchi tajiri yakachanga fedha za kuvusha siku, na wawakilishi wa mabenki ya biashara, walioitwa New York tarehe 20 Agosti, wakaombwa wasidai asili ya deni kwa muda wa siku 90. Nimeanza na habari hii kwa sababu katika misiba yote ya fedha iliyozipata nchi zinazoinukia tangu wakati ule, jambo moja linajirudia, nalo ndilo ninalotaka kulidhihirisha: upesi wa kuokolewa haukupimwa kwa ukubwa wa madhila ya watu, bali kwa ukubwa wa hasara iliyowatisha wakopeshaji.

Chanzo cha deni lile kilikuwa mbali na Mexico. Mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ilipanda takriban mara nne, na nchi za Ghuba, zilizopata ghafula mapato ambayo hazikuwa na njia ya kuyatumia yote, ziliweka amana zao katika mabenki ya London na New York. Benki haipati faida kwa kuifungia amana sandukuni. Hutafuta wa kumkopesha. Nchi za Ulaya na Marekani zilikuwa zimezorota, na hivyo maajenti wa mabenki walipanda ndege kwenda Mexico, Brasília, Buenos Aires, Manila, na hata Kinshasa, wakazikopesha serikali kwa riba ambayo haikuwa na kiwango cha kudumu, bali ilipanda na kushuka kwa kufuata soko la London. Maadamu riba ile ilikuwa chini ya mfumuko wa bei, mkopaji alijiona mjanja na mkopeshaji alijiona mkarimu, na wote wawili wakasahau kwamba mkataba umeandikwa kwa dola, fedha ambayo mkopaji hana mtambo wa kuichapa.

Mwezi wa Oktoba 1979, Paul Volcker, mkuu wa Benki Kuu ya Marekani, akiwa amekusudia kuuvunja mfumuko wa bei wa nchi yake kwa gharama yoyote, alibana fedha kiasi kwamba riba waliyotozwa hata wateja bora wa mabenki ya Marekani ilifika asilimia 20 na kupita. Alifanya hivyo kwa maslahi ya Wamarekani, kama alivyoapa kufanya. Walakini kila alama iliyopanda kule iliongezwa katika hesabu ya kila nchi iliyokopa, na nchi ambazo hazikuwa zimekopa senti moja zaidi zilijikuta zinadaiwa riba maradufu. Mwaka 1981 bei ya mafuta nayo ikaanza kulegea. Matajiri wa Mexico, waliokuwa na masikio karibu na ikulu, walianza kupeleka fedha zao Texas na California. Mwezi wa Februari 1982 Rais José López Portillo aliwaahidi wananchi kwamba ataitetea peso kama mbwa. Siku chache baadaye peso iliachwa ikaanguka, na kwa miaka mingi watu walimbwekea rais huyo kila walipomwona. Tarehe 1 Septemba, katika hotuba yake ya mwisho bungeni, aliyataifisha mabenki ya binafsi ya nchi huku machozi yakimtoka mbele ya taifa.

Kilichofuata Wamexico wenyewe wanakiita muongo uliopotea. Madeni hayakufutwa, yalisogezwa mbele mwaka baada ya mwaka, na kila aliposogezewa mdaiwa alitakiwa kupunguza mishahara, kuondoa ruzuku ya unga na ya nauli, na kuuza nje kila kilichouzika ili apate dola za riba. Mabenki ya New York yalitumia miaka hiyo kujaza akiba zao, na yalipokuwa tayari kustahimili hasara, ndipo hasara ilipokubaliwa: mwaka 1989 Nicholas Brady, waziri wa fedha wa Marekani, alitangaza mpango wa kupunguza asili ya deni, na Mexico ikawa ya kwanza kunufaika nao. Miaka saba ilipita baina ya kuokolewa kwa mabenki na kupunguziwa mzigo mwananchi wa Mexico.

Na sasa tugeuke tuitazame Tanzania katika miaka ile ile, maana hadithi ni moja ingawa sura zake hazifanani. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliteketeza mibuni ya jimbo la Paraná nchini Brazil, na kwa balaa lile la watu wa mbali, mkulima wa Kilimanjaro, wa Bukoba na wa nyanda za juu za Kenya akaona kahawa yake ikinunuliwa kwa bei ambayo babu yake hakuiota. Akiba ya fedha za kigeni katika Benki Kuu ya Dar es Salaam ilinenepa. Washauri wa nje wakasema si vema fedha kukaa bure, masharti ya kuagiza bidhaa yakalegezwa mwaka 1978, na katika miezi michache akiba ile ikayeyuka. Ajali hazikuja moja moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na kila nchi ikalazimika kujiundia upya shirika lake la ndege, la reli na la posta. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya Kagera, na vita vya kuyafukuza, vilivyofika Kampala mwezi wa Aprili 1979, vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500. Bei ya kahawa ikashuka. Na mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta kwa mara ya pili.

Hapana siku ambayo mwanahistoria anaweza kuionyesha kwa kidole na kusema kwamba siku hii ndiyo shilingi ilipoanguka. Thamani yake iliamuliwa na serikali, na katika vitabu vya serikali dola moja ilikuwa shilingi nane na senti. Ugonjwa ulijitokeza madukani. Sukari ilitoweka, ikafuata sabuni, mchele, mafuta ya taa, betri za redio na vitenge. Watu wakaandikishwa katika maduka ya kaya wapate mgawo. Foleni zikaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mtu aliipanga foleni kwanza ndipo akauliza kinauzwa nini. Mahindi ya manjano ya msaada kutoka Marekani yalisagwa, na watu wakayaita unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu ile mashuhuri. Mkulima aliipeleka kahawa au pamba yake kwa mamlaka ya zao husika, akangoja malipo kwa miezi, na alipolipwa akapewa shilingi ambazo dukani hazikununua kitu. Kwa hiyo mwenye akili alipunguza mibuni akapanda ndizi, na anayeishi karibu na mpaka akauza kwa magendo. Dola ya uchochoroni ikawa na bei yake, mara kadhaa zaidi ya bei ya serikali, na tofauti ya bei hizo mbili ikawa pato la kila aliyekuwa na kibali mkononi.

Mwishoni mwa mwaka 1979 wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikuja na masharti yao: shilingi ishushwe thamani, udhibiti wa bei uondolewe, mishahara isimame, na matumizi ya serikali yapunguzwe. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati ule waziri wa fedha, aliona kwamba hapana budi kuafikiana nao. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, alikataa, na Mtei akajiuzulu. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu aliuliza tangu lini Shirika lile limefanywa kuwa wizara ya fedha ya ulimwengu. Mimi naona kwamba swali lile lilikuwa la haki, na kwamba dunia ililijibu vibaya miaka miwili na nusu baadaye, pale nchi moja baada ya nyingine ya Amerika ya Kilatini ilipokabidhi bajeti yake ikaguliwe Washington. Lakini haki ya swali haikuiponya shilingi. Bei ya serikali ilimdhulumu mzalishaji na kumpendelea mgawaji, na serikali iliyokusudia kumlinda mnyonge ikajikuta, kwa njia ya sarafu, inamchukulia mnyonge wa shambani ili impe mwenye kibali cha mjini.

Palifanywa kila jitihada kabla ya kukubali hayo. Mwaka 1983 Edward Sokoine, Waziri Mkuu, aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Maelfu walikamatwa, na wafanyabiashara waliojawa na hofu walitupa bidhaa mitoni na vichakani usiku. Msako ule ulitoa nje kilichofichwa, lakini haukuweza kuleta ambacho hakikuwako. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na taifa likamlilia kwa dhati, maana watu walijua kwamba yeye mwenyewe hakuwa mla rushwa. Mwezi wa Juni mwaka huo thamani ya shilingi ilishushwa mpaka 17 kwa dola, na wenye fedha nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka 1985 Mwalimu alistaafu urais, na mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, mkataba na Shirika la Fedha ulitiwa saini na shilingi ikafika 40 kwa dola. Ilipofika 1990 ilikuwa karibu 200.

Maduka yakajaa, na huo ni ukweli usiopasa kufichwa. Ukweli wa pili ni kwamba mwalimu, muuguzi na karani waliziona bidhaa hizo nyuma ya kioo. Mshahara wa mwezi haukufika katikati ya mwezi, na neno mradi, lililokuwa la wizara na wafadhili, likawa la kila nyumba: kuku wa mayai, bustani ya mchicha, maandazi ya alfajiri. Michango na karo zikarudi shuleni, na hospitalini mgonjwa akaanza kulipia dawa. Nchi iliyokuwa imekaribia kuwaandikisha shuleni watoto wote wa rika la msingi ilishuhudia kiwango cha uandikishaji kikishuka. Haya hayakuandikwa katika kurasa za mbele za magazeti ya London, kwa sababu hapakuwa na benki ya London ambayo ingalianguka kwa sababu ya Tanzania. Wadai wake walikuwa serikali na mashirika ya kimataifa, ambao wana subira ya kungojea miaka, na hawajui usiku wa kukosa usingizi.

Jirani yetu wa magharibi alipata jambo zito zaidi. Zaire ilikuwa imekopa kwa wingi shaba ilipokuwa na bei, na shaba iliposhuka katikati ya miaka ya 1970, madeni yakabaki. Mwaka 1978 Shirika la Fedha lilimtuma Kinshasa Mjerumani aitwaye Erwin Blumenthal akae ndani ya Benki Kuu na kuiongoza. Mwaka 1982 aliandika taarifa akieleza bila kumung'unya maneno kwamba wizi umeanzia juu kabisa, na kwamba wadai wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Taarifa ile ilisomwa, na mikopo ikaendelea kutolewa, kwa kuwa Mobutu, rais wa Zaire, alikuwa mshirika katika ugomvi wa madola makubwa. Ugomvi ulipokwisha, aliachwa. Mwezi wa Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, wachuuzi wakazikataa, na askari wakaipora Kinshasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikatolewa zaire mpya, moja kwa zile za zamani milioni tatu. Watu wa Kasai wakaikataa fedha hiyo katu, wakaendelea kuuziana kwa noti kuukuu za zamani, na ajabu ni kwamba kwao bei zilitulia kuliko mji mkuu.

Tarehe 20 Desemba 1994 Mexico iliteleza tena. Safari hii serikali ilikuwa imekopa kwa hati za muda mfupi zilizofungamanishwa na dola, katika mwaka ulioanza na maasi ya Chiapas na kuendelea kwa kuuawa kwa Luis Donaldo Colosio, mgombea urais wa chama tawala. Akiba ilibaki kiasi cha dola bilioni 6, ilhali hati zilizokuwa zikiiva mwaka uliofuata zilikuwa takriban bilioni 29. Rais Clinton, alipoona Bunge la Marekani linasitasita, alitoa dola bilioni 20 katika mfuko ambao hauhitaji idhini ya Bunge, na Shirika la Fedha likaongeza karibu bilioni 18. Waliokuwa na hati zile walilipwa kikamilifu. Wamexico walipoteza kazi, na pato la nchi likapungua kwa asilimia 6 katika mwaka mmoja.

Lakini msiba uliobadilisha fikira za dunia kuhusu fedha ulianzia Bangkok. Thailand haikuwa na dhambi zile zilizokwisha kuzoeleka: serikali yake haikutumia kupita mapato, watu wake waliweka akiba, na viwanda vyake vilisifiwa katika kila ripoti. Tangu mwaka 1984 baht 25 hivi zilikuwa sawa na dola moja, na mwaka 1993 serikali ilifungua mlango maalumu ambao kwao mabenki yaliweza kukopa dola nje na kuzikopesha ndani. Riba ya dola ilikuwa ndogo, ya baht ilikuwa kubwa, na kwa kuwa bei ya kubadilisha ilikuwa haisogei, kila mwenye kampuni aliona ni upumbavu kukopa kwa fedha ya nyumbani. Dola za muda wa miezi zikatumiwa kujengea maghorofa ya kudumu miaka hamsini. Mwaka 1996 mauzo ya nje yalisimama, majengo yakakosa wapangaji, na mwezi wa Februari 1997 kampuni moja kubwa ya majumba ikashindwa kulipa deni lake la nje.

Hapo walanguzi wa fedha wa dunia, wenye mabilioni na wasio na makao, walianza kuiuza baht kwa miadi, kwa matumaini ya kuirudisha kwa bei ya chini. Benki Kuu ya Thailand ikapambana nao kwa siri, ikiziahidi dola zake katika mikataba ya siku za usoni ambayo haikuonekana katika taarifa zilizotangazwa. Hadharani akiba ilikuwa zaidi ya dola bilioni 30. Kwa hakika, zilizosalia bila kuahidiwa mtu hazikufika bilioni 3. Tarehe 30 Juni waziri mkuu, Chavalit Yongchaiyudh, alilihakikishia taifa kwamba baht haitashushwa. Tarehe 2 Julai iliachwa ielee, na kwa kuelea ikazama, hata mwezi wa Januari 1998 ikapita baht 50 kwa dola. Makampuni 56 ya mikopo yalifungwa kabisa. Wajenzi kutoka mikoa maskini ya kaskazini mashariki, waliokuja mjini kwa ajili ya maghorofa yale, walirudi kwao na vifurushi vyao.

Indonesia ndiyo iliyolipa kwa damu. Kwa ushauri wa Shirika la Fedha, serikali ilifunga mabenki 16 tarehe 1 Novemba 1997 bila kuwa na dhamana madhubuti ya amana za watu, na badala ya imani kurudi, watu walikimbilia mabenki yaliyobaki kutoa chao. Mmoja wa wana wa Rais Suharto, ambaye benki yake ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa, alifungua mlango mwingine wa benki muda si muda, na kila aliyeona alielewa sheria ni ya nani. Tarehe 15 Januari 1998 picha ilizagaa duniani: Suharto ameinama kutia saini, na Michel Camdessus, mkurugenzi wa Shirika, amesimama nyuma yake amefumbata mikono. Sijui picha nyingine iliyowaumiza zaidi watu wa nchi zilizotawaliwa. Rupia, iliyokuwa 2,400 hivi kwa dola kabla ya msiba, ilivuka 15,000. Mwezi wa Mei bei ya mafuta ikapandishwa, wanafunzi wanne wa chuo cha Trisakti wakapigwa risasi, na katika ghasia zilizofuata zaidi ya watu 1,000 walikufa, huku Waindonesia wenye asili ya Kichina wakichomewa maduka na kutendewa ya kutisha. Tarehe 21 Mei, baada ya miaka 32, Suharto aliondoka.

Korea ya Kusini, taifa kubwa la viwanda, ilifika kwa Shirika la Fedha tarehe 3 Desemba 1997, na Wakorea waliiita siku ile siku ya fedheha ya taifa. Mkopo ulioahidiwa ulizidi dola bilioni 55, na mkesha wa Krismasi, ilipodhihirika kwamba fedha hizo zinaingia kwa Shirika na kutokea kwa mabenki ya nje, mabenki hayo yalishinikizwa yakubali kuongeza muda. Mwanzoni mwa 1998 watu wa Korea walipanga foleni kutoa pete za ndoa, mikufu na nishani za michezo. Zilikusanywa zaidi ya tani 200 za dhahabu, zikayeyushwa na kuuzwa nje. Wengi walioleta pete walikuwa wameachishwa kazi na makampuni yaliyokopa. Deni la Shirika lilimalizwa Agosti 2001, kabla ya wakati wake.

Malaysia ilikwenda njia yake. Waziri mkuu wake, Mahathir Mohamad, aliyekwisha kuwashutumu walanguzi wa fedha kwa maneno makali, tarehe 1 Septemba 1998 aliifunga milango: fedha za wageni zilizuiwa kutoka kwa muda, na ringgit ikasimamishwa kwenye 3.80 kwa dola. Kesho yake alimfukuza naibu wake, Anwar Ibrahim, na mtu mwadilifu hawezi kuisifu siasa ya juma lile. Ama kwa upande wa fedha, wataalamu walitabiri maangamizi, na maangamizi hayakuja. Ilichukua Shirika la Fedha hadi mwaka 2012 kuandika rasmi kwamba yapo mazingira ambayo kuzuia mtiririko wa fedha za kigeni ni halali na kuna faida.

Kutoka huko moto uliruka. Kuzorota kwa Asia kuliishusha bei ya mafuta, na Urusi, inayoishi kwa mafuta, ikasitisha malipo tarehe 17 Agosti 1998. Na kwa kuwa Urusi ilishindwa, mfuko mmoja wa matajiri huko Connecticut, uitwao Long-Term Capital Management, ukawa karibu kuanguka, na katika siku chache za Septemba tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani liliwakutanisha wakubwa wa mabenki wakachanga dola bilioni 3.6 kuuokoa. Argentina, iliyoapa kwa sheria ya mwaka 1991 kwamba peso moja ni dola moja, ilikishikilia kiapo hicho kwa miaka kumi mpaka kikaivunja: mwanzoni mwa Desemba 2001 watu walizuiwa kutoa benki zaidi ya peso 250 kwa juma, wakatoka barabarani wakigonga sufuria, Rais Fernando de la Rúa akaondoka ikulu kwa helikopta tarehe 20 Desemba, na mwaka uliofuata zaidi ya nusu ya watu wa nchi hiyo, iliyokuwa ghala la ngano la ulimwengu, walihesabiwa kuwa maskini.

Nikiziweka nchi hizi bega kwa bega, naona kwamba kosa la Mexico lilikuwa la serikali iliyokopa kwa mabenki, la Thailand lilikuwa la watu binafsi waliokopeshana na watu binafsi, na la Tanzania lilitokana na zao linalopangiwa bei na wengine pamoja na sarafu iliyong'ang'aniwa mno. Wala si haki kuwapa wote dawa moja, kama ilivyofanywa. Aidha, ahadi ya kutoshusha sarafu ilitolewa kila mahali na mtu aliyekwisha kuona hesabu za ndani, na kila mahali walioijua hesabu hiyo walikuwa wamekwisha kuvusha fedha zao. Asia ilijifunza: baada ya 1998 nchi zake zilijaza akiba ya dola hata zikawa wakopeshaji wa Marekani yenyewe. Afrika haikuwa na cha kujazia.

Mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini kabisa ulianzishwa mwaka 1996, miaka saba baada ya ule wa Brady. Uganda ilipata msamaha wake wa kwanza mwaka 1998. Tanzania, baada ya kutimiza orodha ndefu ya masharti, ilikubaliwa mwezi wa Novemba 2001 kupewa msamaha wa malipo ya takriban dola bilioni 3, na karo ya shule za msingi ikafutwa, na watoto wakafurika madarasani hata madawati yakakosekana. Mexico iliungama mwezi wa Agosti 1982 na ikaona dola za kwanza kabla ya juma kwisha. Tanzania, ambayo hazina yake ilikauka mwaka 1979, ilingoja miaka 22.